Damu Inayopinda

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la mkaa, nilimbeba binti yangu mpaka uani penye mwanga nikambonyeza vidole. Nilianza na gumba la mkono wa kulia, nikaishia na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kisha nikashuka miguuni. Nilikuwa natafuta uvimbe. Nikimaliza vidole, nilimvuta kope la chini nikatazama weupe wa jicho kama umeanza kuingia manjano. Yeye aliona ni mchezo, alicheka na kunipokonya mkono. Mimi sikuweza kucheka naye mpaka nimekifikia kidole cha mwisho.

Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita, si mbali na soko. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani ambako wanawake wote wa nyumba tulipikia, tulifulia na kusemana. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana za reli kule Gerezani. King'ora cha asubuhi kikilia, yeye alikuwa ameshavuka barabara.

Mume wangu ni mtoto wa mjomba wangu. Sisi watu wa Rufiji tuliihesabu hiyo kuwa ndoa nzuri kuliko zote. Mkwe wako ni mjomba wako, hawezi kukutupa. Mkigombana, wanaokuja kuwasuluhisha ni walewale waliowalea wote wawili. Niliitwa mke wake kwa utani tangu sijajua kufunga kanga, na nilipokua utani ukawa kweli, wala sikuona ajabu. Nilimpenda. Hilo nalisema mapema, kwa sababu baadaye watu walizungumza juu ya ndoa yetu kana kwamba ilikuwa kosa la mtu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipokuwa anajifunza kukaa, aliamka siku moja mikono yote miwili imevimba. Ngozi ilinyooka ikang'aa, na vidole vikawa vinene kama ndizi mzuzu. Ukivigusa alilia kilio ambacho sijakisikia kwa mtoto mwingine, kilio cha mtu mzima aliyebanwa na mlango. Mama mkwe alisema ni baridi yabisi, akamfunga majani ya mbarika yaliyopashwa moto. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaliosha kwa maji ya waridi, akanywa. Hospitali walimpa dawa ya chupa, wakasema damu yake ni chache. Uvimbe ulitoka, ukarudi, ukatoka, ukahamia miguuni. Macho yake yalikuwa na manjano kama ya mtu mwenye nyongo. Neno "mfupa" alilijua kabla ya neno "maji". Alikufa hajafika umri wa kupelekwa chuoni, na aliyemwosha aliniambia kuwa alikuwa mwepesi sana.

Baada yake nikapata huyu binti. Ndiyo sababu ya vidole.

Alipokuwa amefikisha umri ule ule wa kukaa, wakaja watu wa damu.

Walikuja kwenye kliniki ya kina mama na watoto, mwendo mfupi kutoka kwetu. Walikuwa daktari mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye shingo iliyoungua jua, na dresa wake, msaidizi wa kuchoma sindano na kufunga vidonda, mtu wa pwani wa makamo, kofia ya kiua kichwani na koti jeupe mwilini. Waliweka meza chini ya dirisha, wakatandaza vioo vidogo na sindano, wakatangaza kuwa wanataka tone moja la damu kwa kila mama na kila mtoto.

Ni lazima nieleze Dar es Salaam ya miaka ile ilivyokuwa juu ya jambo la damu. Watu waliogopa mumiani. Ilisemekana wako watu wanaokamata watu na kuwanyonya damu, damu inapelekwa kutengenezwa dawa, na mwili hauonekani tena. Hakuna aliyewahi kumwona aliyekamatwa, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua. Mama zetu walitukataza kupita karibu na gari lililosimama peke yake. Sasa hapa palikuwa na Mzungu, sindano na vioo, mchana kweupe. Foleni yote ilirudi nyuma, tukajibana ukutani.

"Mie sitoi," alisema mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mbele yangu. "Wakishapata damu yangu wataijua njia ya kwangu."

"Damu yako wewe?" mwenzake akamjibu. "Wataitema. Imejaa chumvi ya papa."

Tukacheka, lakini hakuna aliyesogea. Dresa akasimama, akasema kwa sauti ya kutulia, "Mama zangu, ni tone moja. Mbu wa hapa Kariakoo anakunywa kila siku, hamumwulizi."

"Mbu hanywi akaenda kuifungia kwenye kioo," akasema yule mnene.

Ndipo dresa akauliza swali lililonitoa ukutani. Aliuliza kama kuna mama aliyepata kuwa na mtoto ambaye vidole vilivimba akiwa bado mchanga, mikono yote miwili, bila kujikwaa wala kuanguka, halafu macho yakaingia manjano. Alivyoeleza ilikuwa kama alikaa chumbani mwetu. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Huyo tena hatumwoni."

Walinichoma kidole. Tone langu walilitia kwenye kioo, wakaweka kioo kingine chembamba juu yake, wakazungushia mafuta mazito pembeni pote ili hewa isiingie. Wakafanya vivyo hivyo kwa binti yangu, ambaye alilia kidogo tu. Kisha wakaniambia nisubiri. Jua lilikuwa limeshahama dirishani daktari alipoinama kwenye hadubini yake, akasogea pembeni, akaniashiria nichungulie.

Mwanzo niliona mwanga mtupu. Halafu nikaona kama vitumbua, vidogo, vya duara, vimesambaa. Kati yake vilikuwemo vingine ambavyo si vya duara. Vilikuwa vimejipinda, vimechongoka pande mbili kama mundu wa kukatia mpunga. Nilitoka Rufiji, mundu naujua. Nikauliza hii ni damu ya nani.

"Yako," alisema dresa.

Akabadilisha kioo. Mundu tena.

"Na hii ya mtoto."

Nilikaa chini, sakafuni. Dresa akaja kuchuchumaa mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa kanga mpya, doti nzima, moja kiunoni na moja begani, akatumia hiyo kunifahamisha. Alisema kila mtu ana doti moja ya damu. Kipande kimoja amepewa na baba, kimoja na mama. Naye akizaa, humpa mtoto wake kipande kimoja, hachagui kipi. Wapo watu ambao kipande kimoja ni kizima na kimoja kimechanika. Hao hawaumwi, hawajui kitu, wanafika uzee. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, yuko mtoto atakayepata vipande vizima viwili, yuko atakayepata kimoja na kimoja kama wao, na yuko atakayepata vyote viwili vilivyochanika.

"Wa kwanza alipata vyote viwili," nilisema.

"Nadhani hivyo."

"Na huyu?"

Dresa akamtazama daktari, wakasemezana kwa Kiingereza. "Kioo hiki kinasema kipande kilichochanika kimo," akasema. "Hakisemi kama ni kimoja au ni viwili. Kipo chombo kinachoweza kusema, lakini hakipo hapa. Tutachukua damu kidogo zaidi, ipelekwe mbali. Wewe mwangalie vidole."

Daktari aliongea Kiswahili cha bara, kikavu, cha kutumia na watumishi, lakini alikuwa mtu wa kupenda kusema. Alikuwa akifunga vichupa vyake huku akizungumza, nusu nami, nusu peke yake. Alisema kuna jambo linalomsumbua. Alisema kila mtoto anayekufa kwa ugonjwa huu anaondoka na vipande viwili vilivyochanika. Hajaoa, hajazaa. Na watoto hawa wamekufa tangu babu wa babu. Basi vipande vingekuwa vinapungua kila kizazi, mpaka leo visingekuwepo hata kimoja. Lakini yeye amepima watu kutoka huku pwani mpaka maziwani, na anavikuta ni vingi mno. "Kwa nini haiishi?" aliuliza. "Kitu baya namna hii, iko na nguvu gani ya kukaa?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini mfereji umeziba. Hakuwa mtu mbaya. Mimi nilirudi nyumbani na swali lake kifuani na sikuweza kulitoa. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa ugonjwa. Sasa niliogopa kitu kikubwa zaidi, kitu kinachokula watoto tangu enzi na enzi na hakijaisha. Kinachotakiwa kufa na hakifi, kwetu kina jina, na si jina la kutaja ukiwa na mtoto mgongoni.

Usiku nilimweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja, "Sote wawili?" Nikamwambia ndivyo wanavyodhani. Kesho yake alipitia kliniki akitoka kazini, na mafuta ya mashine bado mikononi, akatoa damu. Ilipinda.

Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa nzito. Mto Msimbazi ulipanda ukajaza bonde, na maji yalipopungua yaliacha madimbwi kila mahali, mpaka kwenye makopo na mitaro ya mitaani kwetu. Mbu walikuwa wengi hata mchana. Homa ikaingia nyumba yetu chumba kwa chumba.

Chumba kilichotazamana na chetu waliishi watu wa milimani, kutoka Usambara. Mume aliuza kabichi na karoti pale sokoni, na mkewe alikuwa amemleta mjini siku si nyingi, pamoja na watoto wawili: msichana aliyekwishaanza kutumwa chumvi dukani, na mvulana mdogo aliyelingana na binti yangu. Tulipatana mimi na mama yule. Alikuwa Mwislamu kama sisi, mpole, anaogopa mji. Aliniambia kwao kuna baridi na ukungu, mbu hawawajui, na alishangaa kuona sisi tunalala na chandarua kama samaki.

Msichana wake alipata homa asubuhi. Siku ya pili akawa hatambui mtu. Siku ya tatu degedege likamshika, macho yakageuka, mgongo ukajipinda nyuma. Nilisaidia kumshika miguu. Walimfukizia, wakamsomea, na wakati baba yake alipokuwa anatafuta teksi ya kumpeleka hospitali, akatulia mikononi mwetu.

Wiki ile ile binti yangu naye akachemka. Nilikesha nimemweka kifuani, nasubiri degedege. Asubuhi nilipomtoa uani kumwangalia vidole, alinipokonya mkono akaenda kutambaa nyuma ya kuku. Homa ilikuwa imekwisha. Ilimpata mara moja na kumwacha, kama mtu aliyebisha nyumba isiyo yake.

Nilishukuru, lakini nilishukuru kimya kimya, kwa kuwa uani walikuwepo wanawake wengine na watoto wao walikuwa bado wamelala ndani na vitambaa vya maji kichwani.

Maneno yalianza hapo. Sikuambiwa, niliyapokea kwa njia ya vitu. Mama mwenye nyumba alikuwa akiniazima mbuzi yake ya kukunia nazi. Nilipoiomba akasema imevunjika, na jioni nikasikia anaikunia. Bombani walinipisha nichote kwanza, na kupishwa kule hakukuwa kwa heshima. Siku moja niliinama kujitwika ndoo, nikamsikia yule mwanamke mnene wa kliniki, ambaye kumbe alikuwa mtaa wa jirani, akimwambia mwenzake bila kushusha sauti:

"Wa kwanza kamtoa. Ndiyo maana wa pili haguswi."

"Astaghafirullah. Mwanawe mwenyewe?"

"Kwani kafara hutolewa cha mtu mwingine? Na damu alikwenda kuitoa mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi nilikuwepo."

Nilijitwika ndoo nikaondoka. Maji yalinimwagikia njia nzima.

Dada wa mume wangu alikuja kunitazama. Yeye alikaa upande wa Msimbazi, chumba cha chini kabisa, karibu na maji. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuja na mwanawe wa kiume, aliyekuwa anaanza kukimbia. Alipoingia tu alimnyanyua binti yangu.

"Hebu nimwone mke wa mwanangu. Wifi, unamlisha au unamwangalia vidole tu? Mimi nataka mkwe mwenye makalio."

Nilimweleza wanayosema bombani. Akatoka nje mpaka uani, akasimama katikati, akasema kwa kila mlango kuwa damu ya kwao ni ngumu, haikuanza leo, na mwenye wivu akazae na yeye. Nilimshukuru na pia nilitamani anyamaze. Baada ya kuondoka, milango ilifungwa mapema zaidi.

Siku chache baada ya arubaini ya msichana, adhuhuri, nyumba ikiwa imepoa, mama wa milimani aligonga mlango wangu. Alikuwa amembeba mvulana. Mtoto alikuwa anapumua mbio mbio na midomo imekauka. Hakuketi.

"Nimesikia wanayosema," aliniambia.

"Mwenzangu, si kweli."

"Sikuja kugombana. Nimekuja unipe."

"Nikupe nini?"

"Ulichompa mwanao. Kama ni cha kunywa, kama ni cha kufunga mkononi. Sitakuuliza ulikipata wapi wala ulikilipia nini. Mimi nimeshalipa."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, wala si yeye niliyemwogopa. Nilimwapia kwa Mungu kuwa sina kitu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwongo anayempenda.

"Basi mnyonyeshe," alisema. "Kama kimo mwilini mwako, kitapita kwenye maziwa. Yangu yamekatika tangu dada yake aondoke."

Nilifikiri upesi. Nikikataa, na mtoto akafa, nilimnyima. Nikikubali, na mtoto akafia kifuani mwangu, nilimla. Nje nilimsikia mtu aliyekuwa akitwanga ameacha kutwanga. Nikampokea. Alikuwa wa moto kama chungu, akashika ziwa kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Mama yake akakaa chini kwenye mkeka na kunitazama shingoni, si usoni, kama anayetafuta hirizi.

Alasiri nilimshika mkono tukaenda kliniki wote wanne. Dresa alimpa mvulana vidonge, akaonyesha namna ya kuviponda kwenye uji. Akawachoma vidole mama na mtoto kwa ajili ya daktari wake. Mama yule hakuuliza hata ni vya nini. Kwa siku kadhaa nilimnyonyesha mvulana pamoja na binti yangu, huyu kulia, huyu kushoto, na vidonge tukampa. Homa ikashuka. Kama ni vidonge au ni kudra tu, sijui. Mama yake alijua. Alisema uani, mbele ya wote, kuwa maziwa yangu ndiyo yaliyomponya, na kuanzia siku ile mama mwenye nyumba akaniletea mbuzi ya nazi mwenyewe, na wanawake wawili waliniuliza kwa siri kama yamebaki.

Hilo nalo liliniogopesha. Kushutumiwa na kuombwa vilitoka kwenye imani moja.

Kisha jibu likaja. Dresa alinisubiri mlangoni mwa kliniki, na nilipomwona ametabasamu nilishindwa kusogea mpaka alipokuja yeye.

"Kimoja," alisema. "Ni kimoja tu. Kama wewe. Vidole vyake mwache sasa."

Nililia pale mlangoni. Daktari alingoja nimalize, halafu akaniita mezani, kwa kuwa alikuwa amefurahi kwa sababu zake mwenyewe na alitaka kumweleza mtu. Alisema sasa anaona kama anapata jibu la swali lake, ingawa bado anakisia na wapo wenzake wasiokubali. Alisema amepima damu za watoto wakati wa homa ya masika. Wenye kipande kimoja kilichochanika, homa ya mbu inawashika kidogo na kuwaacha. Wenye vipande viwili vizima ndio inaowaua. Kwa hiyo katika nchi ya mbu, mwenye kimoja anaishi kuliko wote, anazaa, anakirithisha. Ndiyo maana hakiishi. Kwa ajili ya watoto wengi wanaopona kwa kipande kimoja, wako wachache wanaokutana na viwili. Juu milimani, pasipo mbu, kitu hiki ni adimu, kwa sababu huko hakina faida.

Kiswahili chake kilimpotea katikati, akamalizia kwa Kiingereza. Dresa akatafuta neno. Nilimwona amelipata na hataki kulitumia.

"Anasema," akaanza, "kuwa wale wa kwanza... kuwa kuumwa kwa wachache ndiyo... bei ya..."

"Kafara," nilisema.

"Hakusema hivyo."

"Lakini ndivyo."

Nilikuwa nimekimbia neno lile kutoka bombani mpaka kwenye meza yenye hadubini, nikalikuta limefika kabla yangu. Tofauti ilikuwa moja. Wanawake wa bombani walisema nilimtoa mimi. Daktari alisema hakuna aliyemtoa. Hakuna aliyechagua, hakuna aliyekuwepo. Sijui hata leo ni lipi kati ya hayo linatisha zaidi.

Niliuliza kilichobaki. "Huyu akikua, akazaa?"

Daktari alifurahi kuulizwa. Alisema ni rahisi. Akiolewa na mwenye vipande vizima, hakuna mtoto wao hata mmoja atakayepata viwili vilivyochanika. Akapekua vioo vyake. "Kama ile toto ya jirani yako, ya milimani," alisema. "Damu yake safi kabisa, haina pinda. Na ninyi kaa nyumba moja, dini moja. Nzuri sana."

Nilimtazama dresa. Yeye alikuwa ameshika kalamu.

"Huyo nimemnyonyesha," nilisema.

"Mara ngapi?" aliuliza dresa.

"Mpaka akashiba. Siku nyingi."

Dresa akaweka kalamu chini.

"Iko nini?" aliuliza daktari.

"Ni kaka yake, bwana."

"Kaka? Namna gani? Mama mbali, baba mbali."

"Ni kaka yake wa kunyonya. Haolewi naye. Kwetu ni haramu, sawasawa na kaka wa tumbo moja."

Daktari alifikiri kwa dhati. Ninamkumbuka amekunja uso. Aliuliza kama maziwa yanaweza kubadilisha damu. Dresa akasema hapana, bwana. Akauliza, basi binti kama huyu, watu wa kwao wangemwoza nani.

"Mtoto wa shangazi au wa mjomba," alisema dresa, polepole, na hakunitazama.

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Nilikuwa na furaha, sitaki kusema uongo. Njiani nilinunua nyama, nikamnunulia kipande cha muwa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kwenye muwa ule na havingevimba. Nilijiambia kuwa mengine ni ya mbali, kuwa wanaume wako wengi mjini, watu wa milimani wengine watashuka na kabichi zao.

Barazani kwetu alikuwa ameketi wifi yangu, amekuja kusikia jibu. Mwanawe alikuwa anaruka kutoka barazani mpaka chini mchangani, anapanda, anaruka tena. Nilimwambia mtoto mzima. Akamshukuru Mungu kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, akampokea binti yangu, akampakata.

"Si nilisema? Damu ya kwetu ngumu. Mwone na huyu wangu. Kule kwetu maji yameingia mpaka uvunguni, watoto wote wa mtaa wamelazwa, wengine tumewazika. Huyu homa ilimshika asubuhi, jioni ananiomba mkate. Wamefanana, mke na mume."

Mvulana aliruka tena, akatua kwa miguu yote miwili, akacheka.

"Wifi," nilisema, "kesho njoo naye kliniki. Ni tone moja tu."

"Kwa mumiani?" Akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Mimi mwanangu hana ugonjwa. Mtazame mwenyewe."

Nilikuwa namtazama.